Maswali na Majibu: Mbolea kwa Nyasi Changa za Grini ya Gofu

SWALI: Ndugu Mtaalamu, hii ni wiki ya tatu tangu tusambaze vipandikizi (vipande vya mashina ya kuotesha) vya nyasi za bermuda, aina ile fupi, kwenye grini mpya (uwanja wa nyasi fupi sana wenye shimo la mpira wa gofu) iliyojengwa kwa mchanga mtupu. Kila wiki tunatia gramu 5 za naitrojeni kwa mita ya mraba, lakini nyasi zinatambaa polepole na zimepauka. Mwenzangu anataka tutie gramu 10 ili grini ifunike mapema. Je, tumfuate?

JIBU: Msimfuate. Gramu 5 kwa wiki ni kiwango kikubwa tayari, na kwa grini ya mchanga tatizo mara nyingi si uchache wa mbolea bali ni njia inayopitia. Mchanga hauna uwezo mkubwa wa kushika virutubisho. Bakteria hugeuza amonia kuwa naitreti, na naitreti huyeyuka na kushuka na maji, hasa pale ambapo grini changa inamwagiliwa mara kadhaa kwa siku ili vipandikizi visikauke. Mkiongeza dozi maradufu wakati mizizi bado ni michache, sehemu kubwa ya nyongeza hiyo itaishia kwenye mabomba ya kutolea maji, na kutoka hapo itafika kwenye mito na mabwawa.

Kabla ya kugusa mfuko wa mbolea, pigeni magoti kwenye grini na mng'oe vipandikizi vichache kutoka sehemu mbalimbali. Kama kwenye vifundo hamwoni mizizi mipya myeupe, mbolea haina pa kuingilia, na jambo la kushughulikia ni maji, au vipandikizi kutoshikana vizuri na mchanga. Mizizi ikiwapo, tazameni majani. Yakianza kupauka yale ya zamani, ya chini, huo ni upungufu wa naitrojeni. Yakiwa ya njano yale machanga huku mishipa ikibaki ya kijani, shakuni madini ya chuma, ambayo mmea huyapata kwa shida pale mchanga unapokuwa na chokaa nyingi. Majani yenye rangi ya zambarau huashiria fosforasi, ingawa baridi nayo huweza kuleta rangi hiyo, kwa hiyo kipimo cha maabara ndicho kitakachokata shauri.

Ikithibitika kuwa ni naitrojeni, gawanyeni gramu hizo hizo 5 za wiki katika awamu mbili. Kwa grini ya mita za mraba 500, kila awamu itahitaji kilo 1.25 za naitrojeni, yaani takriban kilo 6 za salfeti ya amonia yenye asilimia 21 ya naitrojeni, au kilo 2.7 za urea yenye asilimia 46. Isambazeni majani yakiwa makavu, nusu mkienda upande mmoja na nusu mkikatiza, kisha mwagilieni papo hapo kidogo tu, kiasi cha kuondoa punje kwenye majani, kwa maana punje iliyolala juu ya jani bichi huliunguza. Mkipata mbolea inayoyeyuka polepole, ichukue nafasi ya sehemu ya dozi, nanyi mtapumua.

Hukusema kama mbolea ya kupandia yenye fosforasi ilichanganywa kwenye mchanga kabla ya kupanda. Wengi huliruka jambo hilo, kisha hulaumu naitrojeni. Mchanga mpya huwa na fosforasi haba, na bila hiyo nyasi hazitambai hata mkizimwagia urea. Kama haikutiwa, itieni sasa juu kwa kiasi kidogo kulingana na kipimo. Mizizi michanga iko karibu na uso, itaifikia. Potasiamu nayo huoshwa na maji, kwa hiyo iandamane na naitrojeni.

Mwisho, kama usiku ni wa baridi, vumilieni, kwani bermuda hustawi zaidi kwenye nyuzi joto 27 hadi 35, na hakuna mbolea inayochukua nafasi ya joto.

SWALI: Grini ikishafunika, tuendelee na kiwango hicho hicho?

JIBU: La. Punguzeni mara tu nyasi zinapofunika karibu eneo lote. Mkiendelea kulisha kwa nguvu, mtapata tabaka nene la mashina na majani yaliyokufa, laini kama sponji, ambalo mashine ya kukatia nyasi huzama ndani yake na kunyoa hadi kwenye mashina ya kahawia. Kuikata mapema, kwa kuanzia na urefu wa karibu milimita 12 na kushuka taratibu, pamoja na kunyunyiza mchanga mwembamba juu, husaidia kuziba mapengo kuliko dozi ya mwisho ya urea.

SWALI: Je, samadi inafaa?

JIBU: Kwenye grini, hapana. Huleta mbegu za magugu na vumbi laini linaloziba mchanga, na maji yakishatuama juu, mizizi hubaki mifupi.