Runinga huganda hata kwa manyunyu

SWALI: Mvua ikianza tu, hata iwe manyunyu, picha huganda kisha runinga huandika hakuna mawimbi. Dishi langu ni la sentimita 80, lina miaka minne juu ya paa. Fundi anataka ninunue la 90. Nimsikilize?
Mama wa Likoni

JIBU: Mama, pesa hizo zishike kwanza. Dishi la 90 litakuongezea eneo kwa robo na ushei tu.

Mvua kubwa ya masika hukata mawimbi kweli, kwa sababu matone mazito huyameza na kuyatawanya. Hapo hakuna dawa ila kungoja ipungue. Lakini manyunyu hayana ubavu huo, hasa Mombasa. Kama dishi lako linatazama setilaiti iliyo digrii 36 mashariki, hiyo iko karibu utosini kwetu, kwa hiyo mawimbi hupita njia fupi ndani ya mvua. Ukikatiwa na manyunyu, ujue hata siku ya jua unapokea kwa shida. Fungua menyu ya king'amuzi kukiwa kweupe utazame mstari wa ubora, si wa nguvu peke yake.

Mshukiwa wa kwanza ni chumvi ya bahari. Chomoa king'amuzi kwenye umeme, kisha fungua kikonekta kilicho kwenye LNB, yaani kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Shaba ya katikati yafaa ing'ae. Ikiwa nyeusi au ya kijani, kata waya mpaka ufikie palipo safi, hata ikiwa sentimita 15, uumenye upya. Shaba itokeze milimita 2 au 3 nje ya kikonekta, na usiache hata unyuzi mmoja wa wavu wa chuma unaozunguka ndani ya waya ukaigusa. Funga kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Ile nyeusi ya mafundi wa umeme huachia kwa jua letu. Chini ya LNB acha waya uning'inie kama kitanzi, maji yadondokee hapo. Kifuniko cha mdomo wa LNB kikiwa na ufa, nunua LNB nyingine, haizibiki.

Dalili moja usiipuuze: chaneli kadhaa zikipotea na nyingine zikabaki, huenda volti 18 zinazopanda kutoka kwenye king'amuzi kuiambia LNB ipokee chaneli hizo zinaishia kwenye kutu njiani.

Kisha shika ukingo wa dishi, utikise. Upepo wa kusi hulegeza bolti zilizoliwa na kutu, na dishi la 80 likisogea digrii moja tu hupoteza karibu nusu ya mawimbi. Kwa vile huku madishi hulala karibu chali, yafute majani ya mwembe na kinyesi cha kunguru, bila kuegemea.

SWALI: Radi zikianza, yatosha kuzima king'amuzi kwa rimoti?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Haitoshi. Chomoa plagi ukutani na waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, mapema, wingu likiwa bado mbali. Radi ikishapiga karibu, usiuguse waya huo.