Kabla ya Kumwaga Unga wa Mtu

Kijana mmoja wa ofisi ya rasilimali watu ameniletea faili nimkagulie. Barua ya kujieleza imetoka Ijumaa saa kumi jioni, kikao cha nidhamu Jumatatu saa mbili asubuhi. Jamani! Huyo mfanyakazi amtafute shahidi wake wapi, ufukweni Mama Ngina hapa Mombasa, kwenye mihogo? Haya, nasema tena.

1. Kifungu cha 44, cha kumfuta mtu papo hapo, hakiondoi kifungu cha 41, cha kumsikiliza kwanza. Mkisikia "kosa kubwa" mnataka mtu aishie getini. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inasema hata aliyekuja kazini amelewa, hata anayeshukiwa wizi, asikilizwe kwanza, pamoja na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua. Aliyemchagua yeye, si mnayempenda nyinyi.

2. Barua itaje kosa, tarehe na mahali. "Utovu wa nidhamu" peke yake si shtaka, ni tusi.

3. Msiandike uamuzi kabla ya kikao. Hapa mtanivumilia. Nilikuwa kampuni moja ya malori, yadi yake upande wa Miritini. Turniboi, yule utingo wa lori, alishukiwa kunyonya dizeli. Bosi alikuwa keshaamua, nami kwa kujipendekeza nikachapa barua ya kumfuta jioni ya kuamkia kikao, nikaitia kwenye faili ili kesho tumalize mapema. Kikao kikaanza kwa adabu zote, maji ya chupa mezani, kila mtu katambulishwa. Nikafungua faili nitoe ripoti ya mlinzi, barua ndiyo iko juu. Mzee wa chama alikaa mkabala nami. Akavaa miwani taratibu, akainama, akaisoma juu chini. "Mwanangu, hiyo tarehe ya jana ni ya nini?" Nikaifunika kwa kiwiko. Kiwiko, wallahi! Akaomba swali lake liingie kwenye kumbukumbu, na mwandishi wa kumbukumbu alikuwa mimi. Nikaandika.

Tulipofika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, wakili wake wala hakuhangaika na dizeli. Alisoma mwandiko wangu tu. Fidia inaweza kufika mshahara wa miezi 12, na bosi alinitazama kana kwamba pesa zinatoka mfukoni mwangu. Yule turniboi huenda dizeli aliinyonya kweli. Sijui hadi leo, maana tulimwita aje atusikilize sisi.

4. Lugha. Sheria inataka mtu aelezwe kwa lugha anayoielewa. Mnamkalisha mpakizi wa godauni la Shimanzi, mnammwagia Kiingereza cha semina, yeye anaitikia "yes, yes" kwa kila kitu, nanyi mnaandika amekiri. Hajakiri, ana heshima tu. Kiswahili mnakijua, mnamwogopa nani?

5. Akiomba siku mbili tatu za kujiandaa, mpeni. Hata mkishamfuta kazi, yeye ana miaka mitatu ya kuwashtaki. Siku mbili zinawauma nini?

6. Mkishamwachisha, lipeni siku alizofanya na likizo aliyobakiza, na cheti cha utumishi kitoke. Hiki nacho ni ugonjwa wa Mombasa nzima: mtu anazungushwa kaunta wiki hadi wiki, eti hajarudisha gambuti. Cheti ni haki yake, hata kama mmeachana kwa ugomvi. Gambuti mtadaiana kando.