Mama Akikwambia Anakupenda, Hakikisha Kwanza

SWALI: Shikamoo Mzee. Mjomba wangu haamini habari yoyote, iwe ya redio au ya gazeti. Kila nikimsomea kitu hunikata kauli: "Hata mama yako akikwambia anakupenda, hakikisha kwanza." Anadai ni maneno ya Mark Twain, yule mwandishi wa vitabu wa Marekani. Ni kweli? – Mpwa aliyechoka

JIBU: Marahaba mwanangu. Twain tumwache apumzike, kashabebeshwa misemo mingi ambayo hakuitamka. Huu wa mama ni wa Chicago, Marekani, na ulikuwa msemo wa kazini. Wenyewe walikuwa wahariri wa City News Bureau, shirika dogo la habari lililoanzishwa mwaka 1890 na kumilikiwa kwa pamoja na magazeti ya jiji hilo. Lilifuatilia polisi, mahakama, moto na maiti, habari ambazo kila gazeti lilizitaka lakini halikutaka kumlipa mtu wake azikeshee. Walioajiriwa wengi walikuwa vijana wanaoanza kazi, tena kwa ujira kiduchu. Taarifa ikishaandikwa ilitiwa kwenye kopo na kusukumwa kwa hewa ndani ya mabomba yaliyopita chini ya barabara mpaka magazetini.

Hapo ndipo ilipokuwa hatari. Ukikosea jina la marehemu, kosa lako linaingia magazeti yote kwa mkupuo. Kwa hiyo kijana akipiga simu kutoka kituo cha polisi kusema mtu kapigwa risasi, mhariri alimbana: jina linaandikwaje? Nyumba namba ngapi? Huyo askari aliyekusimulia alikuwepo, au naye kasimuliwa? Ukibabaika, unarudi kuuliza.

Anayetajwa sana kuwa mwenye msemo ni Arnold Dornfeld, mhariri aliyewanoa waandishi wengi pale. Ila yeye mwenyewe alimpa sifa hiyo mwenzake, Edward Eulenberg. Naye Eulenberg alisema kauli yake halisi ilikuwa kali zaidi: mama akikwambia anakupenda, mpige teke la muundi, halafu athibitishe! Mimi hiyo ya teke ndiyo naipenda, ingawa mama yangu asisikie.

Shirika lenyewe lilifungwa mwaka 1999, likafufuliwa kwa sura nyingine, likazimwa kabisa mwaka 2005. Lakini tazama waliopitia pale. Mmoja ni Seymour Hersh. Mwaka 1969 alidokezwa kwa simu kwamba jeshi la Marekani linamshtaki askari wake kwa kuua raia Vietnam. Hakukimbilia kuandika. Alisafiri mpaka Salt Lake City kuonana na wakili wa mshtakiwa, kisha akaenda Fort Benning, kambi ya jeshi huko Georgia, akamsaka mshtakiwa mwenyewe, Luteni William Calley, mpaka akampata na kuzungumza naye ana kwa ana. Ndivyo dunia ilivyojua mauaji ya kijiji cha My Lai, na mwaka uliofuata Hersh akapewa Pulitzer, tuzo ya Marekani ya uandishi wa habari.

Kwa hiyo msemo huu alikuwa akiambiwa mwandishi, kabla hajaandika. Mjomba wako ameugeuza silaha ya kuwafungia mlango waandishi wote. Kutia shaka anajua, ila anaishia hapo hapo. Pale City News, kijana ambaye angerudi mezani na neno "siamini" peke yake angeulizwa amempigia nani simu, kisha angetolewa tena nje.