Uzi umenuka karatasi: je, foronya zangu si za hariri?

SWALI: Mume wangu alipotoka Istanbul aliniletea foronya mbili za mito ya kochi. Muuzaji alimwambia ni hariri ya kufumwa kwa mkono. Fundi wangu wa makochi alichomoa uzi mmoja akauchoma, ukanuka kama karatasi iliyoungua, akasema hiyo ni pamba. Nami naona kingo za mapambo zimefifia kama wino ulioingia maji, na upande wa nyuma ni kitambaa cheupe cha kawaida. Je, tumeuziwa bandia? Na nizifueje?

JIBU: Dada yangu, usizitupe. Fundi wako amesema kweli kuhusu uzi aliouchoma, ila amechoma mmoja tu, na kitambaa cha namna hii mara nyingi huwa na nyuzi za aina mbili.

Kila kitambaa cha kufuma kina mtande, yaani nyuzi zinazotandazwa kwanza kwa urefu, na mshindio, zile zinazopitishwa kukatiza. Gaziantep, kusini mwa Uturuki, hufumwa kitambaa kiitwacho kutnu: asili yake ni mtande wa hariri na mshindio wa pamba. Hata jina linatokana na qutn, yaani pamba kwa Kiarabu. Margilan, nchini Uzbekistan, wanafuma cha mchanganyiko huohuo wakakiita adras, na foronya nyingi zenye mapambo kama yako zinazouzwa Istanbul zimefumwa huko. Mtande husongamana mpaka mshindio hauonekani usoni, ndiyo maana unaona mng'aro wa hariri peke yake.

Sasa rudia jaribio. Geuza foronya ndani nje, tafuta ncha zilizochanika kwenye mshono, uchomoe uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio. Utazame kabla hujawasha kiberiti. Uzi wa mtande utakuwa na rangi zinazobadilika: mwekundu, kisha mweupe, kisha buluu, katika uzi uleule. Wa mshindio utakuwa na rangi moja toka mwanzo hadi mwisho. Nikiona hivyo huwa nafurahi sana, kwa sababu kitambaa kilichopigwa chapa hakiwezi kuwa hivyo. Rangi yake hukaa usoni na kuchafua nyuzi zote, za mtande na za mshindio.

Choma ule wa rangi nyingi. Hariri hujikunja ikikimbia moto, hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake jeusi husagika ukilibonyeza. Ukinuka karatasi, ni floş, uzi unaong'aa utokanao na mti. Zipo kutnu nyingi za floş siku hizi, na hapo muuzaji hakusema kweli. Ukiyeyuka na kuacha tone gumu, ni poliesta.

Kingo kufifia si kasoro. Nyuzi za mtande hufungwa mafungu kwa kamba pale pasipotakiwa rangi, huchovywa, hufunguliwa, hufungwa tena kwa rangi inayofuata, yote hayo kabla ya kufuma. Zikitandazwa, kila uzi husogea kidogo. Wafumaji wa Margilan huiita kazi hiyo abr, wingu kwa Kiajemi. Kitambaa cha nyuma nacho kisikusumbue: hariri ya mkono ni nyembamba kwa upana na ni ghali, hivyo huwekwa mbele tu.

Kuhusu kufua, kwanza bonyeza pamba nyeupe yenye unyevu kwenye mshono wa ndani kwa dakika moja. Ikitoka na rangi, foronya isiguse maji kabisa. Ipeleke drai klina na uwaambie ni hariri. Hata isipotoa rangi, mimi ningepeleka vilevile, maana pamba na hariri hazirudi sawasawa zikilowa na kitambaa huweza kujikunyata. Jiki usiitumie hata tone: klorini huila hariri. Vumbi lipunguze kila wiki kwa brashi laini, na kochi lisikae dirishani panapopigwa na jua, kwa kuwa jua hufifisha rangi na kuifanya hariri ikatike.