Mvuke si ukungu: kwa wadogo zangu mnaoingia kazi ya kunasa hewa ya ukaa

Wadogo zangu wa Malindi mnaosomea mitambo, riziki ikiwapeleka kwenye kiwanda kinachonasa hewa ya ukaa, shikeni hili mapema: kiyeyusho, yaani kimiminika kinachofyonza hewa hiyo, hutoroka kwa njia mbili, kama mvuke na kama ukungu, na dawa ya njia moja haitibu nyingine.

Mfano tunao nyumbani. Pale Gongoni kwenye mabwawa ya chumvi, jua huchukua maji na chumvi ikabaki chini, maana chumvi haigeuki mvuke. Basi mbona mabati ya nyumba za ufukweni yanaliwa na kutu upesi hivyo? Kusi ikivuma mawimbi hupasuka, vitone vidogo vikapaa na chumvi yake ndani. Huo ni ukungu.

Kwenye mnara wa kiwanda, mnamonaswa hewa ya ukaa, ni vivyo hivyo. Moshi hupanda, na kiyeyusho chetu, monoethanolamaini (kwa kifupi amaini) iliyochanganywa na maji, aghalabu asilimia 30 kwa uzito, hushuka ikifyonza hewa ya ukaa. Kiasi fulani hugeuka mvuke, lakini amaini hupenda maji, kwa hiyo sehemu ya kuoshea gesi juu ya mnara huinasa vizuri. Ukungu ndio unaonyima watu usingizi. Moshi ukija na vitone vya asidi ya salfuriki, kila kitone huwa kiini, maji na amaini hujikusanya juu yake. Vingi havifiki hata mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, hivyo hupenya maji ya kuoshea na wavu wa kunasa matone bila kushikwa.

Kiwanda nilichoanzia huko ughaibuni, usiku mmoja kipimo cha amaini kwenye bomba la moshi kilipanda. Nikapoza maji ya kuoshea, nikaongeza mtiririko, saa nne nzima. Namba haikushuka. Kipimo chetu kilipasha sampuli joto kabla ya kuisoma, hivyo mvuke na ukungu vilisomeka kitu kimoja. Kulipokucha, mzee wa zamu akanitoa nje na kunionyesha bomba: moshi wenye weupe wa kisamawati, umejivuta mbali bila kutawanyika. Tatizo lilikuwa kwenye usafishaji wa salfa, kabla gesi haijafika mnarani. Mimi nilikuwa juu nikihangaika na maji.

Kwa hiyo namba ikipanda, poza maji ya kuoshea kidogo, ungoje. Ikishuka, ni mvuke. Ikigoma, fuata moshi unakotoka. Usipoze gesi ghafla, kwani tofauti kubwa ya joto hunenepesha vile vitone. Amonia ni habari nyingine: ni mvuke, ila maji matupu hayaishiki vya kutosha, huhitaji kuoshwa kwa asidi.

Nasisitiza kwa sababu chini ya bomba wanaishi watu. Amaini inapochakaa, baadhi ya mabaki yake yakikutana na oksidi za nitrojeni huzaa nitrosamaini, na baadhi ya hizo husababisha saratani. Kabla hujagusa valvu yoyote, toka nje kwanza ukaangalie rangi ya moshi.