Andika bei na vipimo

Dada, umeuliza kwa nini magauni yako yanapata "like" nyingi Instagram ila hayanunuliwi. Kwanza ondoa hiyo "bei inboksi". Mteja akisubiri ujibu hadi jioni, hamu imeshaisha. Bei ikae chini ya kila picha, na nauli ya bodaboda pia.

Halafu vipimo, hapa ndipo wengi tunapopoteza wateja. Saizi M ya mzigo wa China mara nyingi ni ndogo kuliko M ya mtumba wa Ulaya. Laza gauni mezani, pima kifua, kiuno, nyonga na urefu, andika kwa inchi. Mimi nilipoanza hivyo, nguo za kurudishwa zilipungua sana.

Picha piga asubuhi karibu na dirisha, nyekundu isije ikamfikia mteja damu ya mzee.