Kichwa cha .45-70 kuzama ndani ya ganda: anzia mdomoni

Mkuu, umesema umenunua Marlin 1895, bunduki ya leva (unaipakia kwa kusukuma mkono ulio chini yake) inayotumia risasi ya .45-70, na umeanza kujaza risasi mwenyewe, yaani kutia baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililokwishapigwa, kwa sababu sanduku la risasi 20 dukani halishikiki kwa bei. Sasa ukizipakia kwenye bomba la kuhifadhia risasi lililo chini ya mtutu na kupiga chache, zile zinazobaki unazitoa kichwa (kile kipande kinachoruka) kikiwa kimezama ndani ya ganda. Umeuliza kama ni baruti mbaya. Baruti haihusiki kabisa. Najaza .45-70 tangu nilipohamia Ohio, na karibu kila shida niliyoiona kwenye risasi hii ilianzia mdomoni mwa ganda.

Risasi nyingi za kuwindia zina shingo: ganda pana chini, limebanwa juu, na ile shingo ndiyo inayokamata kichwa. .45-70 haina shingo. Jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1873, enzi za baruti nyeusi, na umbo lake ni bomba lililonyooka lenye ukingo kwenye kitako. Kichwa chake cha inchi .458 kinashikwa na vitu viwili tu: msuguano wa ukuta wa shaba, na mkunjo mdogo wa mdomo unaoingia kwenye mfereji mwembamba unaozunguka kichwa. Ndani ya bomba la Marlin, springi inasukuma risasi muda wote, na kila bunduki inapopiga teke, zile zilizobaki zinagongana kitako kwa pua. Kama mshiko ni dhaifu, kichwa kitazama tu. Kikizama, nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda. Kwa hiyo hizo ulizonazo usizipige. Zing'oe vichwa kwa nyundo maalumu ya kung'olea, uanze upya.

Chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo, upime maganda yako yote leo. Urefu wa juu unaokubalika ni inchi 2.105, na wengi tunayakata hadi 2.095. Nina shaka kubwa kwamba umechanganya maganda, kwa sababu umetaja kwamba mengine uliyapata kutoka risasi za Hornady LEVERevolution ulizopiga mwanzoni. Hornady huyakata maganda hayo ya .45-70 hadi inchi 2.040, ili kichwa chao cha FTX chenye ncha laini kienee kwenye urefu ambao bunduki ya leva inaweza kuulisha. Tofauti ni inchi 0.055, karibu milimita moja na nusu. Kwa jicho huioni. Lakini ukishapanga kalibu yako (kile kifaa cha kwenye presi kinachokalisha kichwa na kukunja mdomo) kwa ganda la 2.095, ganda la 2.040 likiingia mdomo wake haufikii sehemu ya kubania. Linatoka likionekana zuri, linang'aa, na halina mkunjo wowote. Nimeliona hilo kwenye uwanja wa shabaha, risasi mbili zimelala meza moja, na ukipitisha ukucha kwenye mdomo wa moja unateleza moja kwa moja hadi kwenye kichwa, wakati ya pili ukucha unadondokea kwenye kijibonde. Tenga maganda ya Hornady kwenye kopo lake, yatumie kwa FTX tu.

Baada ya urefu, angalia plagi ya kupanulia mdomo. Kwenye risasi iliyonyooka huwezi kuikwepa hatua hii, maana bila kupanua mdomo kidogo kitako cha kichwa kitakwaruza shaba au kuliponda ganda. Ila plagi zinauzwa za aina mbili: za vichwa vyenye koti la shaba, na za vichwa vya madini ya risasi vinavyomiminwa nyumbani ambavyo ni vinene kidogo, .459 au .460. Ukitumia plagi ya vichwa vya kumimina halafu ukakalisha kichwa cha koti cha .458, ukuta umeshapanuka kupita kiasi na hauna nguvu ya kukamata. Plagi yako iwe chini ya kipimo cha kichwa kwa elfu mbili hadi tatu za inchi. Mdomo wenyewe ufunguke kiasi cha kichwa kusimama bila kuanguka, basi. Ukiupanua kama tarumbeta kila mara, ganda litapasuka mapema.

Halafu kukalisha kichwa na kubana mdomo zifanye kuwa kazi mbili tofauti. Najua kalibu moja inaweza kufanya yote kwa mkono mmoja wa presi, na maelekezo ya kwenye boksi yanakuonyesha hivyo. Mimi siipendi njia hiyo kwa .45-70. Kichwa bado kinashuka wakati mdomo tayari unajikunja, kwa hiyo unakata koti au unavimbisha ukuta chini ya mkunjo, na risasi iliyovimba haiingii chemba. Kalisha vichwa vyote kwanza mpaka katikati ya mfereji, urefu wote usizidi inchi 2.550. Kisha inua shina la kukalishia lisiguse kichwa, shusha kalibu mpaka ibane mdomo, rudi na risasi zote ukibana tu. Mdomo uzame ndani ya mfereji, usionekane umesimama.

Jaribio langu ni rahisi: pima urefu wa risasi, ikandamize pua kwenye ukingo wa meza ya mbao kwa uzito wa mkono, pima tena. Kipimo kikipungua hata kidogo, kundi zima linarudi kwenye presi. Fanya hivyo kwenye ganda lenye kichwa lakini bila baruti wala fataki (kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti), kabla hujajaza za kweli.

Kuhusu baruti, hapa naomba unisikilize kwa makini. Ganda hili lilitengenezwa kumeza greni 70 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) za baruti nyeusi. Baruti ya kisasa isiyo na moshi inatumia sehemu tu ya nafasi hiyo. Maana yake ni kwamba ukichagua baruti yenye kasi na ujazo mdogo, ukajisahau ukamimina mara mbili, haitamwagika. Itakaa humo kimya. Ndiyo sababu nashauri baruti inayojaza zaidi ya nusu ya ganda, jamii ya IMR 3031 au H4198, ili kumimina mara mbili kujulikane palepale. Na H4198 siyo IMR 4198, majina yanafanana lakini jedwali la moja usilitumie kwa nyingine. Panga maganda kwenye ubao wenye matundu, mimina yote, kisha mulika tochi mstari kwa mstari kabla ya kukalisha kichwa hata kimoja.

Greni ngapi? Sitakuandikia hapa, na mtu akikuandikia kwenye ujumbe usimfuate. Fungua kitabu cha mtengenezaji wa baruti, utakuta .45-70 imegawanywa makundi matatu: bunduki za zamani aina ya Springfield Trapdoor, bunduki za kisasa za leva kama yako, na zile imara za Ruger No. 1. Kiwango rasmi cha juu cha shinikizo cha SAAMI, chombo cha Marekani kinachoweka viwango vya risasi, ni psi 28,000 (pauni kwa inchi ya mraba) kwa sababu Trapdoor za karne ya 19 bado zipo mikononi mwa watu. Soma safu ya kati, anzia kiwango cha chini. Kundi la Ruger usiliguse, kulungu wa Ohio hahitaji nguvu hiyo na bega lako pia.

Pua ya kichwa iwe bapa. Kwenye bomba, pua inakaa juu ya fataki ya risasi iliyo mbele, na ncha kali ngumu hapo inaweza kuilipua. FTX imeruhusiwa kwa sababu ncha yake ni laini.

Ndugu yako wa Michigan uliyemtaja asikimbilie kununua kama yako bila kusoma kanuni za jimbo lake. Ohio iliruhusu risasi zilizonyooka kwa kulungu mwaka 2014 na .45-70 ilikuwemo. Michigan nayo iliruhusu mwaka huohuo kwenye ukanda wake wa kusini, lakini kwa ganda lisilozidi inchi 1.80, na .45-70 ikabaki nje. Ndiyo maana kule .450 Bushmaster, risasi nyingine iliyonyooka yenye ganda fupi zaidi, ilipendwa sana.

Kwa wanaosoma wakiwa na viza ya mwanafunzi au ya matembezi: sheria ya shirikisho ya Marekani inakukataza kumiliki bunduki na hata risasi, isipokuwa kwa vigezo vichache kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hana kizuizi hicho. Kujaza kwa matumizi yako hakuhitaji leseni ya shirikisho, kuuza kunahitaji. Na Tanzania au Kenya usijaribu, kutengeneza risasi bila leseni ni jinai.

Ukishapima maganda niandikie urefu wa lile fupi kabisa na lile refu kabisa, pamoja na aina ya plagi iliyokuja na kalibu zako, tuone kama unahitaji kununua nyingine.